Nilikuwa Nabadilisha Lenzi, Mama Akacheka

Mwezi huu naomba tuzungumzie kitu kilichoniletea maneno na mume wangu kwa siku tatu nzima: lenzi ya kamera. Usicheke. Ndani ya nyumba watu wanagombania rimoti, sembuse kitu ambacho bei yake inakaribia ada ya muhula mzima wa mtoto!

Mambo yalianzia Ifakara, nyumbani kwa wakwe zangu, mwezi Juni, msimu wa kuvuna mpunga. Kwanza nikwambie kitu kimoja. Baba mkwe alipofariki, familia ilihangaika usiku kucha kutafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Iliyopatikana ni ya kitambulisho cha kupigia kura. Ikakuzwa, ikakuzwa, mpaka sura ikawa vidoti. Ndiyo hiyo hiyo ipo ukutani hadi leo. Kwa hiyo safari hii nilijiapiza: sirudi Dar bila picha ya maana ya mama mkwe.

Nilikuwa na kamera yangu ya Canon na lenzi mbili, ile fupi ya milimita 18 hadi 55 na ile ndefu ya 55 hadi 250. Ni seti ya kawaida kwa wengi wetu tunaoanza. Siku hiyo shambani nilikuwa nimefunga ile ndefu, nawavizia kwa mbali vijana waliokuwa wanapiga mpunga. Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipo, anapepeta. Ghafla mjukuu wake akateleza, akakaa pwaa katikati ya rundo la mpunga. Mama akaachia ungo, akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani.

Jamani, mama huyu mbele ya kamera siku zote hukaa kama yuko kituo cha polisi! Na mimi wakati huo nina lenzi moja mkononi, nyingine kwapani, kifuniko mdomoni. Nilipomaliza kufunga ile fupi, mama alishaokota ungo wake.

"Nicheke tena, mwanangu?" aliniuliza, kwa upole kabisa. Akajaribu. Picha hiyo ninayo, na kila anayeiona anauliza mama alikuwa anaumwa nini.

Haikuishia hapo. Tuliporudi Dar nikakuta kila picha yenye anga ina doa jeusi mahali pale pale. Wakati nabadilisha lenzi shambani, vumbi la pumba lilikuwa limeingia ndani ya kamera na kukaa kwenye kile kipande kinachopokea picha. Kusafisha nikalipia.

Siku tatu za maneno

"Mama watoto, uza zote mbili, nunua moja ya kumaliza kazi," mume wangu akasema. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano nikamjibu kwamba lenzi ya kufanya kila kitu haifanyi chochote vizuri. Yeye akataka tununue ile kubwa kuliko zote, ili apate hata ndege wa upande wa pili wa mto. Mimi nikasema hela hiyo bora ikae benki. Kusema ukweli, tulifika mahali pa kusalimiana kwa kifupi.

Siku ya tatu nikafungua kompyuta. Labda hujui, lakini kila picha ya kamera ya dijitali inabeba kumbukumbu ya namna ilivyopigwa, pamoja na milimita za lenzi. Nikakaa na daftari, nikaanza kuhesabu picha zangu za mwaka mzima. Nyingi zilikuwa kati ya 18 na 50: watoto, meza za chakula, harusi, sebule. Fungu la pili lilikuwa kati ya 100 na 200. Zilizofika 250 zilikuwa chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa ndege niliyemkosa.

Kisha nikagundua kitu ambacho daftari halikuweza kunionyesha: picha ambazo sikupiga kabisa kwa sababu lenzi iliyohitajika ilikuwa kwenye begi. Kicheko cha mama hakikuharibiwa na lenzi mbaya. Kilipotea kwa sababu lenzi nzuri haikuwa kwenye kamera. Hapo nikamwita mume wangu, tukakaa chini kama watu wazima.

Usidanganyike na namba

Lenzi za aina hii si kitu kipya. Tamron walitoa yao ya 28-200 mwaka 1992, enzi za filamu. Nikon wakaja na 18-200 yenye kizuia mtikisiko mwaka 2005, na watu wa safari wakaipenda sana. Mwaka 2017 Tamron wakafika 18-400. Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha ndani nako zipo nyingi: Nikon 18-140 ya mwaka 2021, Canon 18-150 ya mwaka 2022, au Tamron 18-300 ya mwaka 2021 iliyoanza na kamera za Sony na Fujifilm. Sasa utachaguaje?

*Anza na namba ndogo.* Watu wote dukani wanauliza inavuta mpaka wapi. Wewe uliza inapanuka kiasi gani. Kamera nyingi za bei ya kati zina kipokea picha kidogo, na hapo 18 inatosha kuingiza familia nzima sebuleni. Ukiuziwa 28-300 iliyotengenezwa kwa kamera kubwa za kitaalamu, kwenye kamera yako hiyo 28 itaona kama 42 au 45. Utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, na shangazi bado yuko nje ya picha.

*Namba kubwa isikulewesha.* Kadiri lenzi inavyobeba umbali mwingi kwa pamoja, ndivyo mtengenezaji anavyolazimika kupunguza ubora mahali fulani, na mara nyingi ni mwisho kabisa wa kuvuta. Isitoshe, hata 300 au 400 haikufanyi mpiga picha wa ndege. Kule Kilombero kuna kwera wa manjano anayeishi kwenye matete ya bonde, ambaye wanasayansi walimweleza rasmi mwaka 1990. Ni mdogo, hatulii, na ukiwa mbali atabaki kuwa nukta ya manjano. Mume wangu ananielewa sasa.

*Angalia mwanga.* Pembeni ya milimita utaona namba nyingine, kama 3.5-5.6 au 3.5-6.3. Hiyo ni habari ya tundu linalopitisha mwanga: namba ikipanda, tundu linabana. Unapovuta, lenzi inaingia kwenye ile namba kubwa, mwanga unapungua. Lenzi ndogo isiyovuta ya 50 yenye 1.8 hupitisha mwanga mara kumi hivi zaidi ya lenzi iliyo kwenye 5.6. Kumbuka hilo kabla hujaahidi mtu kumpigia picha za ukumbini usiku.

*Kizuia mtikisiko ni lazima.* Lakini kielewe vizuri. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayekimbia.

*Ibebe kabla ya kulipa.* Ile Tamron 18-400 ina gramu 700 na ushee, wakati Canon 18-150 ina kama 310. Mwombe muuzaji uifunge kwenye kamera yako mwenyewe, uivae shingoni, uzunguke nayo dukani dakika kumi. Lenzi utakayoiacha nyumbani kwa sababu ya shingo imerudi kuwa lenzi ya kwenye begi.

*Ukinunua ya mkononi, ichunguze.* Elekeza kamera chini uone kama lenzi inajivuta yenyewe. Ikishuka, imelegea. Mulika tochi ndani utafute ukungu, ile michoro kama utando wa buibui. Joto na unyevu wa kwetu ndio chakula chake. Na tafadhali usiifukie lenzi kwenye gunia la mchele eti ikauke, utaiongezea vumbi. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Tulipokutana katikati

Mimi na mume wangu tulikutana katikati. Hatukununua 18-400 yake, wala hela hazikubaki benki. Tuliuza zile mbili, tukapata Canon 18-200 ya mkononi iliyo safi. Chenji iliyobaki tukaongezea kidogo, tukachukua ile 50 ndogo ya 1.8 kwa ajili ya usiku. Ina gramu 160 tu, inakaa kwenye pochi yangu.

Krismasi tukarudi Ifakara nayo. Tulipofika Mang'ula tukaingia hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na hapo nikaona udhaifu wake mchana kweupe. Chini ya miti ile mirefu giza linaanza mapema. Mbega wekundu walikuwa juu matawini, nikavuta mpaka 200, na picha zikatoka na chengachenga. Kwenye maporomoko ya Sanje, yenye mita zaidi ya 170, ile 18 ilinisaidia zaidi kuliko kuvuta kokote.

Kesho yake tulisimama kwenye Daraja la Magufuli, lile lenye mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018, ambapo zamani tulikuwa tunasubiri kivuko. Mume wangu alikuwa ananionyesha mahali alipokuwa anapanda kivuko akiwa mwanafunzi. Nikampiga yeye na daraja lote nyuma yake kwa 18. Dakika hiyo hiyo mtumbwi ukapita chini, mvuvi amesimama, nikavuta nikampata. Sikufungua begi. Na yeye hakunyamaza kunisubiri, aliendelea na hadithi yake mpaka mwisho. Nilikuwa sijawahi kuisikia yote.

Na mama? Siku ya Krismasi alikuwa jikoni kwake, ameketi kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele. Wajukuu nje wanacheza. Nilikuwa napiga wao kwa mbali. Mmoja akaja mbio, akamrukia bibi yake mgongoni, mchele ukamwagika. Nilizungusha mkono mara moja tu, kutoka mbali mpaka karibu. Baadaye niliangalia: milimita 35. Macho yamefumba, pengo linaonekana, kanga iko begani. Mtaalamu atakwambia pembeni haijakaza vizuri. Mwambie aje anieleze mimi.

Tuliisafisha studio ya pale pale mjini, kubwa, na fremu ya mbao. Mama aliiangalia muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akatuambia: "Hii msingoje nife ndipo mtundike. Tundikeni leo."

Mume wangu akatafuta nyundo. Ipo ukutani, kando ya ile ya baba.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujaingia dukani, kaa na mwenzio jioni moja mfungue picha zenu za mwaka jana. Hesabuni milimita. Halafu ongeleeni na zile ambazo hamkupiga. Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.