Bibi Mwacheni na Rangi Yake

Yule kijana wa Tukuyu anayesafisha picha kwa Python kaposti picha nyeusi-nyeupe ya bibi harusi wa zamani, basi komenti: "Mbona hajang'aa?" Jamani! Wajukuu wana picha hiyo moja tu.

Mkiongeza 64 kila pikseli, shela ya 200 inagonga 255, maua yake kwisha. Yeye kagawa kila pikseli kwa 255, kaweka kipeo cha gama 0.5, kisha kazidisha kwa 255. Uso wa 64 umefika 128, shela 226 tu na maua yanaonekana. Hata migomba ya nyuma imetoka gizani. Akishusha gama hadi 0.3 mtafurahi, ila huyo hatakuwa bibi yao tena.