Kupanda nyasi za baharini si kazi, kuzitunza ndiyo ngoma

Uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa kila mkutano hapa Pwani. Mikoko tumeizoea, na mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, ulioanza 2013, umeonyesha dunia kwamba kijiji kinaweza kutunza msitu wake na kupata fedha za kaboni. Sasa zamu imefika ya nyasi za baharini. Gazi na Wasini, wanakijiji wakishirikiana na watafiti wa KMFRI wamekuwa wakijaribu kuzirudisha mahali zilipotoweka.

Sina ugomvi na upandaji. Ugomvi wangu ni na hesabu. Mara nyingi tunaambiwa ni miche mingapi imepandwa, tunaonyeshwa picha zilizopigwa maji yakiwa yamekupwa, kisha hadithi inaishia hapo. Mingapi ingali hai baada ya mwaka mmoja? Hilo ndilo swali linalomhusu mvuvi wa malema, kwa sababu tafi na pono hawaishi ndani ya ripoti.

Nalisema hili kwa kuwa ninazo nyasi hizi nyumbani, ndani ya tangi la kioo la lita 100. Ni chombo kidogo, lakini kinafunza.

Kwanza, nyasi za baharini si mwani. Ni mmea kamili wenye mizizi, majani na maua, na shina lake hutambaa chini ya mchanga. Mwani hushika jiwe tu ukaendelea, lakini nyasi hula kupitia mizizi pia. Kwa hivyo tangi linahitaji mchanga laini wenye tope kidogo, kina cha sentimita 10 hadi 15. Ukiweka mchanga wa vidole viwili, mizizi haina pa kushika.

Pili, mwanga. Taa ya kawaida ya sebuleni haitoshi. Nyasi zinataka mwanga mkali kwa saa kumi hivi kila siku, na maji yawe safi ili mwanga ufike chini. Ukitupia samaki chakula kingi, maji hurutubika, mwani mwembamba hufunika majani, na nyasi hufa polepole zikiwa kizani.

Tatu, chumvi. Maji ya bahari yetu yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji yakikauka tangini, chumvi hubaki. Kwa hivyo unaongeza maji baridi yasiyo na klorini, si maji ya bahari, la sivyo chumvi inazidi siku hadi siku. Joto nalo ni adui wa chombo kidogo, kwa hivyo tangi liwekwe mbali na dirisha la jua la mchana. Pampu ndogo ya kusukuma maji haikosi.

Nne, subira. Majani ya zamani mara nyingi huoza wiki za kwanza baada ya kupandikizwa. Anayeanza huona hasara, akang'oa. Shina likiwa zima chini, majani mapya huja. Chagua aina ndogo zenye majani mafupi. Zile ndefu zenye shina gumu kama kijiti, zinazotawala sehemu nyingi za pwani yetu, hazifai tangi dogo. Na kabla hujachimba hata mche mmoja, zungumza na BMU ya eneo lako na ofisi ya uvuvi. Ndani ya hifadhi za bahari za KWS, usiguse kabisa.

Sasa tutoke tangini turudi baharini. Mchanga unaoshika mizizi ndio unaopinduliwa na juya la kukokota, ambalo serikali ililipiga marufuku tangu 2001 na bado halijaisha. Mwanga ndio unaozibwa na udongo ambao mto Sabaki huushusha Malindi kila mvua kubwa. Maji machafu ya majumba na mahoteli hufanya kazi ileile ya chakula kilichozidi tangini.

Kisha kuna walaji. Miaka ya mwanzo ya 2000, maji ya ndani ya mwamba kati ya Diani na Chale yalipoteza nyasi nyingi kwa kuliwa na viumbe wa mviringo wenye miiba mifupi waliozidi idadi. Kikande ni miongoni mwa samaki wanaowala viumbe wa aina hiyo. Tukimmaliza kikande, tunawaachia malisho bila mchungaji. Mahali kama hapo, kupanda miche bila kugusa chanzo ni kuwaandalia chakula.

Watafiti walikadiria kuwa kufikia 2016 Kenya ilikuwa na kilomita za mraba 317 hivi za nyasi hizi, na kwamba kasi ya kuzipoteza iliongezeka baada ya 2000. Kulinda zilizopo ni nafuu kuliko kurudisha zilizokufa. Hata tangi langu linathibitisha hilo, kwani kipande kimoja cha nyasi kimenidai miezi ya uangalizi.

Basi napendekeza mambo mawili. Kila mradi wa kupanda nyasi utangaze kwa BMU na kijiji idadi ya miche iliyo hai baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, na malipo ya mwisho yategemee hesabu hiyo. La pili, shule za pwani na ofisi za BMU zisaidiwe kuweka tangi dogo la nyasi kwa kibali. Mtoto aliyeona jani likifa kwa kukosa mwanga hatahitaji semina kuelewa kwa nini maji machafu yanamnyima babake samaki. Na siku mgeni atakapokuja na ahadi ya miche elfu, kijiji kitajua cha kumuuliza.