Kabla hujauza kiwanja, soma jina la kozi

Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea barua ya udahili ya binti yake. Alivyokuwa na furaha, nilishindwa pa kuanzia. Binti kamaliza kidato cha sita, PCB, alama hazikutosha kuingia udaktari wa meno Muhimbili. Wakala akawatafutia chuo Australia, miaka 3 tu, "anarudi daktari wa meno". Mama tayari anatafuta mnunuzi wa kiwanja.

Kwenye barua imeandikwa Bachelor of Oral Health. Wazazi wenzangu, hiyo ni kozi ya kweli na ni nzuri. Anayeisoma hukagua vinywa, huondoa ukoga uliogeuka mawe, huziba meno yaliyotoboka, hung'oa meno ya utoto na kufundisha familia kutunza kinywa. Chimbuko lake ni New Zealand, ambako mwaka 1921 walianza kufundisha wauguzi wa meno wa shuleni, wanawake watupu, kwa sababu meno ya watoto yalikuwa yameoza vibaya.

Lakini huyo si daktari wa meno. Kutibu mzizi wa jino la mtu mzima, kutengeneza meno bandia, kupasua gego lililokwama, hayo yana mwenyewe, na hapa kwetu mwenyewe husoma miaka 5 halafu mwaka 1 wa utarajali.

Anayemkaribia mhitimu wa kozi ile tunaye: tabibu wa meno, stashahada miaka 3. Mara nyingi ndiye unayemkuta hospitali ya wilaya ukimpeleka mtoto aliyelia usiku kucha. (Sote tunamwita daktari, naye ameshazoea.) Tena akifaulu vizuri anaweza kuomba kuendelea na digrii ya udaktari wa meno.

Nikamwambia mama, dada yangu, usimuulize wakala. Nenda TCU uulize kama chuo hicho na digrii hiyo vinatambulika. Kisha uliza Baraza la Madaktari Tanganyika: mwanangu akirudi na karatasi hii, atasajiliwa kama nani? Omba jibu la maandishi. Kama jibu linakuridhisha na ada unaimudu, mpeleke. Kinachoniuma ni mtoto kurudi baada ya miaka 3, mtaa mzima unamsubiri daktari, naye anaanza kujieleza mlangoni.

Binti alikuwa amekaa pembeni, kimya. Nikamuuliza yeye anataka nini hasa.

"Anti, mimi napenda kutibu watoto. Hiyo ya stashahada sikuwahi kuambiwa."

Mama akamtazama, akanitazama. "Na watu niliokwisha kuwaambia anakwenda kusomea udaktari Australia, dada, nitawaambia nini?"

Sikuwa na jibu la hilo. Ila jana kanipigia: yule mnunuzi wa kiwanja kaambiwa asubiri, na Jumatatu wanakwenda TCU, yeye na binti.