Vita vya Kagera vilikwisha 1979, siri zake bado zimo majumbani

MBIU YA ZIWANI
Na Justa Kemilembe

Vita vya Kagera havikosi wasimulizi. Mzee aliyevaa magwanda mwaka 1978 atakueleza mizinga ilivyonguruma Mutukula, Masaka ilivyotekwa Februari 1979, na majeshi yetu yalivyoingia Kampala Aprili 11. Ukimgeukia mkewe na kumuuliza hali ilikuwaje hapa nyumbani miezi ile, utapata jibu fupi: tuliteseka, Mungu akatusaidia. Ukiuliza zaidi, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya kahawa.

Jibu hilo fupi limetugharimu sisi watu wa Kagera kuliko tunavyokubali. Vita hivi vilipiganwa pia kibanjani, sokoni, kituo cha mabasi na chumbani kwa bibi. Yaliyotendeka huko hayakuandikwa popote, na waliokuwa watu wazima wakati huo wanatutoka mmoja mmoja. Aliyekuwa na miaka 30 risasi ya kwanza ilipolia, leo ni mkongwe.

Waliozaliwa baadaye niwakumbushe kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka kutoka Uganda na kuteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Novemba 1 Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo. Inakadiriwa kwamba raia wapatao 1,500 waliuawa. Makumi ya maelfu ya wengine walikimbilia kusini, wengi kwa miguu, watoto mgongoni na magodoro kichwani. Bukoba mjini watu walikuwa wameshaonja mabomu ya ndege za Amin tangu 1972, kwa hiyo hawakungoja kuambiwa. Wenye ndugu Muleba au Biharamulo walikwenda kwa ndugu, wengine wakahangaika kupata nafasi ya kuvuka ziwa kwenda Mwanza.

Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Nchi nzima ikaingia vitani. Jeshi la askari wapatao 40,000 lilipanuliwa hadi likapita 150,000, na kati yao mgambo peke yao walikaribia 40,000. Hao mgambo walikuwa wakulima, makarani, walimu na vijana waliomaliza shule juzi. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda kubeba askari na silaha. Vijiji vilichanga ng'ombe, maharage na fedha.

Wakati wa vita kunyamaza ni wajibu. Habari za askari wangapi wamepita na wamelala wapi hazikuwa za kuzungumzwa kwenye kilabu cha rubisi. Balozi wa nyumba kumi alitakiwa kumjua kila mgeni. Mama aliyeagana na mwanawe alijifunza kutouliza anapelekwa wapi. Ukimya ule ulilinda maisha ya watu, na siulaumu hata kidogo. Ninachokilalamikia ni kwamba Juni 1979 vita vilipokwisha, hakuna aliyeziambia nyumba zetu kwamba sasa zinaweza kusema. Siri ya taifa ikageuka siri ya ukoo.

Nyingi ya siri hizo ni za watoto. Kaskazini ya mto, wanawake walibakwa, na baadhi ya raia wakachukuliwa mateka. Waliorudi walikuta nyumba zimechomwa, na wapo waliorudi na mimba. Kusini ya mto mambo yalikuwa tofauti, lakini nako watoto walizaliwa. Miji yetu midogo ilijaa vijana kutoka Songea, Tabora, Mtwara na Dodoma, waliosubiri amri ya kusonga mbele bila kujua kama watarudi. Mapenzi yalikuwepo, ahadi zilitolewa, na pengine nguvu ilitumika. Kisha kikosi kikaondoka usiku. Wapo waliofia Uganda. Wapo waliorudi moja kwa moja kwa wake zao na hawakupita tena Bukoba. Na kwa kuwa majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981, huko nako walizaliwa watoto wa Kitanzania ambao nyumba za baba zao hapa nchini hazijawahi kusikia majina yao.

Mtoto wa namna hii alipozaliwa kwetu, mara nyingi bibi alimchukua akawa mziwanda wake. Mama yake mzazi akaitwa dada. Jirani walijua, padri alijua, na kila mmoja aliona amefanya wema. Lakini kwa Wahaya ukoo ni jambo zito. Ukoo wa baba ndio unaokupa mwiko wako, ndio unaokwambia nani humwoi, na ndio unaokupa haki ya kusimama kwenye kibanja na kusema hapa ni kwetu. Mtoto alikua bila kujua, lakini ukoo haukusahau. Siku mzee wa nyumba alipofariki na urithi ukaja kugawanywa, mjomba mmoja akasimama mbele ya watu na kutamka kile ambacho mama hakuwahi kukitamka. Mtu mzima mwenye mke na watoto akaambiwa katikati ya matanga kwamba yeye si wa hapa. Ugomvi wa vibanja wa aina hiyo upo hadi leo katika mabaraza ya kata, na ukiuchimba unakuta mzizi wake ni mwaka 1979.

Wapo pia ambao hawakurudi. Kwetu marehemu huzikwa kibanjani, karibu na nyumba, ili wajukuu wapite wakijua nani amelala pale. Askari wetu waliokufa vitani wengi walizikwa makaburi ya jeshi Kaboya, wilayani Muleba, na taifa limewatunzia heshima yao. Lakini kuna nyumba ambazo hazikupata kaburi wala maelezo yaliyoeleweka. Mke akakaa miaka bila kujua kama ni mjane au la. Shemeji wakataka arithiwe, mkwe akakataa kwa sababu kukubali ni kukiri kwamba mwanawe amekufa. Mwanamke akiolewa tena, akaonekana msaliti. Akikaa, akazeeka akingoja. Watoto wakaambiwa baba yuko kazini mbali. Ni uongo uliosemwa kwa huruma, lakini uliwanyima watoto hao haki ya kulia.

Siri nyingine ni ya mali. Vita vilipokwisha, Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, dhiki ikabaki. Sabuni, sukari, chumvi na khanga vilikuwa vya kupangiwa foleni, na mara nyingi foleni ilifika mwisho duka likiwa tupu. Wakati huohuo redio, saa, baiskeli na mabati yalionekana kwenye nyumba ambazo jana yake hazikuwa na kitu. Vingine vilitoka Uganda na askari, vingine vilivushwa kwa magendo, kahawa ikienda na bidhaa zikirudi. Serikali ilipowashukia walioitwa wahujumu uchumi mwaka 1983, vitu vilifukiwa vibanjani na kutupwa ziwani usiku. Simweki katika kapu moja tajiri aliyevuna njaa ya wenzake na mama aliyevuka mpaka na debe la kahawa ili watoto wapate sabuni. Lakini wote wawili walinyamaza, na watoto wao hawajui nyumba wanazoishi zilijengwa kwa mali gani.

Kisha likaja pigo lililozifunga siri zote hizi kwa kufuli moja. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa hapa Kagera. Ugonjwa ulikuwa bado hauna jina kwa Kiswahili. Watu wetu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Kufikia 1986 kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa umeripoti wagonjwa. Vilabuni watu walinong'ona kwamba ni vita vilivyouleta. Wengine walisema ni biashara ya magendo, wengine wakataja uchawi. Kunong'ona huko kulizalisha aibu, na aibu ikazalisha vifo, kwa sababu mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma na mjane akaruhusiwa kurithiwa bila neno kusemwa. Wazee wetu walishaonya: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tazama sasa ugonjwa ule ulimchukua nani. Ulichukua hasa watu waliokuwa vijana wakati wa vita: yule msichana wa 1979, yule mgambo aliyerudi, yule mfanyabiashara wa mpakani. Ndio hasa waliojua mtoto ni wa nani, mali imetoka wapi na rafiki yao alifia wapi. Walizikwa wakiwa hawajafika umri wa kusimulia. Waliolea yatima ni mabibi, na mabibi waliamua kwamba watoto hawa wana machungu ya kutosha, wasiongezewe mengine. Naielewa huruma yao. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima kimekulia vibanjani bila baba, bila mama na bila hadithi.

Najua nitajibiwa nini. Kuna watakaosema tusifukue yaliyozikwa, nyumba husitiri mambo, na kumwambia mtu wa miaka arobaini na kitu kwamba baba aliyemlea si aliyemzaa ni kumvunja. Sitara ni thamani kubwa kwetu na siidharau. Lakini sitara inamlinda nani? Mwanamke aliyetendewa unyama mwaka 1978 ana haki ya kunyamaza mpaka kaburini, na mtu asimlazimishe, awe mwanawe, mwandishi au mtafiti. Maumivu yale ni yake. Asili ya mtoto, hata hivyo, ni mali ya mtoto. Kaburi la baba ni mali ya wanawe. Anayezuia hivyo vingine viwili hasitiri mtu. Anawaachia vizazi vijavyo deni ambalo wao hawakulikopa.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa, na hayahitaji fedha nyingi. Wizara ya Ulinzi na jeshi letu wanaweza kuchapisha orodha ya waliokufa katika vita vile kwa majina, mkoa, wilaya na kijiji walikotoka, mgambo wakiwemo, na kuipeleka nakala katika kila ofisi ya kata. Familia iliyoko Lindi au Singida isilazimike kufunga safari hadi Muleba ili kujua kama jina la mtu wao limo. Parokia, sharika na misikiti wana vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya miaka ile; vitunzwe visiliwe na mchwa, na wenye haki ya kuviona wasizungushwe. Vyuo vyetu viwatume wanafunzi wakarekodi sauti za wazee wa Kyaka, Mutukula na Bukoba, wanawake kwanza, kwa ridhaa yao na bila kutangaza majina yao. Kanisa lililobomolewa Kyaka limebaki magofu yanayowakumbusha wapita njia uharibifu wa Amin. Hatuna kumbukumbu kama hiyo ya yaliyozipata nyumba zetu.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, ni ya ukoo. Kama wewe ni mzee wa nyumba na unajua mtoto fulani ni wa nani, mwite akiwa peke yake, kabla wewe hujaugua. Usimwachie mjomba mwenye hasira aseme siku ya urithi. Kama ukoo ulimpokea akiwa mchanga, kikao cha ukoo kiseme na kuandika kwamba ni wetu na ana sehemu yake kibanjani, ili ukweli usije kugeuzwa silaha ya kumfukuza. Kama baba yake ni mtu wa Songea au Masaka, mtaje. Huenda huko nako kuna ndugu wanaouliza. Na wewe uliyekuwa askari, uliyeacha mtoto ng'ambo ukaja kuanza maisha mapya, umepewa umri mrefu ambao wenzako waliolala Kaboya hawakuupata. Utumie kumwandikia mtoto huyo jina lako.

Vijana nao wasiwahukumu wazee. Wale walinyamaza wakiwa na njaa, hofu na misiba mfululizo, na ukimya ndio uliowawezesha kuamka asubuhi na kwenda kupalilia migomba. Waulizeni kwa adabu, wasikilizeni bila haraka, na wakikataa muwaache. Lakini waulizeni mwaka huu.