UFUGAJI: NG'OMBE WA MAZIWA AWAFAAYE WATU WA PWANI

Mtu wa Chaani, huko Changamwe, akiisha kuweka akiba, aghalabu hutamani kununua ng'ombe wa Friesian kutoka bara, kwa kuwa amesikia sifa za ndoo zake. Ni kweli kwamba Friesian, ambaye asili yake ni Uholanzi, huwashinda wenzake kwa wingi wa maziwa. Lakini yampasa mnunuzi ajiulize kwanza: atamlisha nini?

Ng'ombe mkubwa wa namna hiyo huhitaji majani mabichi ya nepia yapata kilo 60 au 70 kwa siku, pamoja na maji mengi. Chaani nyumba zimebanana, na majani hayana budi kununuliwa au kuchukuliwa mbali. Joto la pwani nalo humpunguzia hamu ya kula, na ng'ombe asiyekula hana cha kukamuliwa. Tena kupe humletea ndigana kali, maradhi yawezayo kumwua kwa siku chache.

Zebu wa kienyeji huvumilia jua na maradhi, bali maziwa yake ni haba. Ndiyo sababu damu zikachanganywa. Tangu mwaka 1939 Sahiwal, ng'ombe wa nundu kutoka Punjab, walianza kuletwa Kenya. Nao hustahimili joto na kumpita zebu kwa maziwa. Katika shamba la Kilifi Plantations, Sahiwal, Ayrshire wa Scotland na Brown Swiss wa Uswisi walitumiwa kwa zamu, hata likapatikana kundi la machotara wa kuifaa pwani.

Neno hilo "kwa zamu" lina maana kubwa. Mwenye chotara akimpandisha kwa Friesian, na mtamba atakayezaliwa akampandisha tena kwa Friesian, damu ya mgeni huzidi kila kizazi na uvumilivu hupungua. Mwisho hujikuta pale pale alipopakimbia. Basi na amwulize mtaalamu wa mifugo mbegu ya fahali gani yafaa, na kila uzao auandike, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Wazee walisema, "Ng'ombe wa maskini hazai." Mara nyingine kosa si la umaskini, ila ni la kuchagua. Afadhali chotara wa ndoo moja aliye hai kuliko Friesian wa ndoo tatu aliyekwisha kuzikwa.