Desemba Si Mwezi wa Baiskeli

Siku hizi vijana wetu wana usemi kwamba safari ndefu ya baiskeli inataka mambo matatu tu: miguu, pesa na likizo. Usemi huu ni wa uongo, tena uongo wa hatari. Miguu tunayo sote. Pesa hutafutwa. Bali likizo, ndugu msomaji, ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu likizo hutolewa na mwajiri, na mwajiri hajapata kushauriana na mawingu hata siku moja.

Nasema hivi kwa kuwa mpango mmoja umeletwa kwangu hapa Mkunya niutie baraka. Umeandikwa vizuri kwenye daftari, kwa kalamu za rangi mbili. Wenye mpango ni vijana wa Kimakonde wa Kwale, huko pwani ya Kenya, ambao babu zao waliondoka upande huu kwenda kukata mkonge na miwa katika mashamba ya wakoloni. Wanataka kuja kwa baiskeli kutoka Kwale hadi Newala, wayaone makaburi ya wakubwa wao, kisha wavuke Ruvuma wafike Mueda alikozaliwa bibi yao. Nia hii ni njema, na mimi si mtu wa kuidharau. Wamakonde wa Kenya walikaa miongo na miongo bila vitambulisho. Ilibidi mwaka 2016 watembee kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 ndipo walipoanza kupewa vitambulisho kama raia wengine. Mtu asiye na kitambulisho hana pasipoti, na asiye na pasipoti havuki mpaka kihalali hata kwa msiba wa mama yake. Kwa hiyo safari hii si mchezo wa kuchoma mafuta ya mwili. Ni watu wanaokwenda kwao kwa mara ya kwanza wakiwa na karatasi mkononi.

Lakini mpango unasema: kuondoka tarehe 10 Desemba, kurudi kazini wiki ya kwanza ya Januari. Hapo ndipo ninapokataa, na ninakataa kwa sauti ya juu.

Tuanze na mvua. Pwani ya Kenya na kaskazini ya Tanzania zina mvua mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Sisi kusini tuna mvua moja tu, inayoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuachia Aprili. Anayetoka Kwale tarehe 10 Desemba anaondoka akiwa ameshika mkia wa vuli ya kwao, anashuka siku baada ya siku, na kila anaposhuka anakikaribia kichwa cha mvua yetu. Yaani amejipangia kunyeshewa mara mbili kwa safari moja! Ukimpa mtu adui yako achague tarehe ya kukukomoa, angechagua hiyo hiyo.

Wanajibu kwamba siku hizi kuna lami. Kweli ipo, na sisi wazee tunajua thamani yake kuliko wao. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikichachamaa mtu wa kusini alikaa kwake kama mtu wa kisiwani. Lakini lami nayo hula maji ikashindwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi pale Somanga, magari yakapanga foleni pande zote mbili. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo yetu tu. Na wazee wa Lindi hawajasahau tufani ya Aprili 1952. Kwa hiyo, hata anayesema ataondoka mapema, mwezi wa Aprili, kwa kuwa "mvua zinaisha", namwambia angoje Juni.

Baada ya mvua kuna upepo, na hapa ndipo vijana wa sasa wanapokuwa wajinga kabisa, maana anayesafiri kwa basi hajui upepo unatoka wapi. Manahodha wa majahazi walijua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, hukusukuma kuelekea kusini. Kusi huvuma kuanzia Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, halafu hulegea wakati wa demani, Agosti kuendelea. Kijana akisikia hivyo anafurahi: kumbe Desemba upepo utanisukuma! Ndiyo, utakusukuma, na mvua itakusukuma pamoja nao, mpaka kwenye tope. Na anayeteremka Julai, wakati wa kipupwe, hana mvua, ila anakula kusi usoni tangu Tanga hadi Lindi. Aliyejipangia kilomita 70 kwa siku atafanya 45, na jioni magoti yatamwambia ukweli. Safari nzima ni kama kilomita 1,100. Pigeni hesabu wenyewe.

Kwa maoni yangu, demani ndiyo wakati wa kuja kusini: mwisho wa Agosti, Septemba yote. Mvua bado, kusi imepungua makali, mito iko chini. Kasoro yake ni mchanga. Anayelijua tambarare la juu la Wamakonde anajua kwamba njia zetu za vijijini ni mchanga, na mchanga huo Septemba umekauka hata tairi inazama na unashuka kusukuma baiskeli kama mtu anayesukuma mzigo wa kuni. Julai ungekuwa umeshikana kwa unyevu uliobaki. Maji pia ni shida ya Septemba. Huku juu hakuna kijito cha kuinamia njiani, na tangu zamani mama zetu waliteremka mabonde kuyafuata. Beba maji. Lakini mchanga unasukuma kwa saa mbili, ukifika kwenye njia kuu unapanda tena. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni wakati wa mvua haukuachii: unaingia kwenye breki, unaingia kwenye cheni, unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu haliwezi kuzunguka, na mwishowe ni wewe unayeibeba baiskeli.

Tena kuna jambo la adabu, ambalo halimo kabisa katika daftari lile. Desemba ni wakati wa kupanda. Mvua ya kwanza ikishashika, watu wanaamkia shambani na kurudi jua limezama. Ghala za mwaka jana zimepungua, na chakula kilichopo kwa wingi ni embe. Mgeni anayeingia wakati huo na wenzake watano hatafukuzwa, sisi si watu wa hivyo, lakini huyo hata siku ya tatu haingojwi. Jembe atalipata siku ya kwanza. Septemba nyumba zina nafaka. Oktoba minada ya korosho inaanza, fedha inaingia, ngoma zinasikika. Mtu anayekwenda kwao kwa mara ya kwanza kwa nini achague mwezi ambao kwao hakuna mtu nyumbani?

Wasije wakadhani kwamba kungojea hali ya hewa ni woga. Thomas Stevens, mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli, ile ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele, aliondoka San Francisco Aprili 1884. Akafika pwani ya mashariki ya Marekani Agosti, akakaa New York kipindi chote cha baridi. Mwaka uliofuata akavuka Ulaya na Uturuki, akafika Tehran, akakaa tena baridi yote hadi 1886. Huyo hakuwa mwoga. Na baridi ilipokwisha mipaka ndiyo iliyomwangusha: Warusi hawakumruhusu kupita Siberia, akajaribu Afghanistan, akakamatwa na kurudishwa Uajemi. Ikabidi apande meli hadi India na kuendelea kutoka huko. Alimaliza safari Yokohama tarehe 17 Desemba 1886. Miaka mitatu baadaye alikuja huku kwetu Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nimeitaja tarehe hiyo makusudi. Siku 13 tu baadaye, tarehe 30 Desemba 1886, Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka kati yao. Mto uliokuwa wa kuchota maji ukawa ukuta. Hawakumuuliza Mmakonde mmoja wa upande wowote.

Na mpaka, kama mvua, una majira yake, ila watunga sheria hawataki kuyajua. Ule wa kwanza, Lungalunga na Horohoro, ni mwepesi. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita chini ya soko la pamoja lililoanza Julai 2010, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na muhuri wenyewe. Muhuri huhesabu siku kwa kudhani kwamba msafiri anatembea kila siku. Mzungu anayepita hapa na baiskeli kwa viza ya siku 90 akizuiwa na mto uliofurika siku 12, siku hizo 12 zinahesabiwa kama alizitembea. Waliotunga kanuni hizo waliwaza ndege na basi. Mwendesha baiskeli hawakumwaza, ndiyo maana yeye mwenyewe lazima aziache siku za akiba, robo ya muda wote kwa uchache, kabla hajatia mguu kwenye pedeli.

Mpaka wa pili ndio wenye kilio. Kutoka Newala hadi Mueda, kwa mstari ulionyooka, hazifiki kilomita 100. Simu inaonyesha hivyo, na vijana wameandika hivyo daftarini: "siku moja na nusu". Simu haionyeshi mamba. Ukifika Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde lote chini yako na Msumbiji ng'ambo, unadhani ungeweza kurusha jiwe. Lakini njia halali ya daraja ni Daraja la Umoja, Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010. Kulifikia kutoka Newala unapita Masasi na Mangaka, jumla kama kilomita 190, na ukishavuka, kuna zaidi ya 150 nyingine kurudi mashariki hadi Mueda. Nalishukuru daraja lile, lakini tusidanganyane: limewekwa pale kwa ajili ya malori. Mtu wa Newala mwenye shangazi Mueda amewekewa mzunguko wa zaidi ya kilomita 300 akamsalimie.

Ndiyo maana wapo wanaowanong'oneza vijana hawa kwamba kuna mitumbwi, kuna "maelewano", baiskeli inalazwa juu ya mtumbwi na mambo yamekwisha. Hao ndio ninaowaandikia hasa. Desemba maji yanapanda, na kiboko hapokei maelewano. Na zaidi ya hayo, Cabo Delgado ya leo si ile ya ujana wetu. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, watu wengi sana wameuawa na kukimbia makwao. Oktoba 2020 wauaji walivuka wakaingia Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Kijana mgeni, mwenye begi nyuma ya keria, anayetokea kichakani kando ya Ruvuma bila muhuri, ataonekana nani na askari wa upande wowote? Kumpa ushauri wa mtumbwi mtu kama huyo, ambaye jamii yake imepigania kitambulisho miaka yote ile, ni kumwambia akitupe majini.

Serikali mbili zingeweza, siku amani ikirudi, kuweka mtu na daftari katika vivuko vya zamani miezi ya kiangazi, watu wapite mchana, waandikwe majina. Mlinzi anayemjua apitaye ana faida kuliko kichaka. Mpaka hapo, daraja ni Mtambaswala, na hata huko msiende kabla hamjauliza ubalozi wa Msumbiji na maofisa wa uhamiaji kama njia ya Mueda iko salama mwezi ule ule, si mwaka jana.

Basi mpango nilioandika upya, kwa kalamu ya rangi moja, ni huu. Kuondoka Kwale wiki ya mwisho ya Agosti. Siku 24 za mwendo na siku 8 za akiba. Spoki za ziada, mipira ya ndani miwili kwa kila baiskeli, viraka na gundi, chupa za maji za lita sita kwa kila mtu kuanzia Masasi. Kufika Newala mwishoni mwa Septemba. Makaburi yatakuwa yamefyekwa. Kama njia ya Mueda itakuwa imefungwa, bibi yao ataonyeshwa kwa kidole kutoka Shimo la Mungu, na kurudi ni kwa basi, baiskeli juu ya keria.

Wamenijibu kwamba mwajiri hatoi likizo Septemba. Sawa. Basi na waje kwa basi Desemba, na majembe tutawaazima.