Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Pwani: Mafuta Kwenye Ini Yaanze Kuhesabiwa

Ndugu Mganga Mkuu,

Ombi langu nalitanguliza. Katika mwaka ujao wa fedha, Kibaha na Kisarawe zitengewe fungu la kupima ugonjwa wa mafuta kwenye ini, na watu walewale wapimwe tena miaka michache baadaye, ili mkoa uwe na msingi wa kukadiria mzigo unaotujia.

Ugonjwa huu hauna kelele. Mafuta hujikusanya ndani ya ini la mtu ambaye huenda pombe haijui kabisa, na miaka hupita bila dalili yoyote. Kwa baadhi yao ini huvimba, makovu yakafuata, kisha sirosisi, na wapo wanaoishia kwenye saratani. Wengi zaidi huondolewa na maradhi ya moyo kabla ini halijachoka, na ini halitajwi popote. Anayefikishwa hospitali tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano, ugonjwa alikuwa nao pengine tangu miaka 20 iliyopita, na ndugu zake mara nyingi wameshamaliza akiba kwa waganga wakiamini amerogwa. Hapo ndipo anapoingia kwenye vitabu vyetu vya MTUHA, vya taarifa za huduma za afya. Takwimu za namna hiyo zinatueleza ya juzi, wala hazisemi lolote kuhusu mwaka 2045.

Watafiti wanakadiria kuwa karibu asilimia 30 ya watu wazima duniani wana mafuta kwenye ini. Kuichukua namba hiyo na kuizidisha kwa idadi ya watu wa Pwani itakuwa kosa. Utafiti wa Dallas, Marekani, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta mafuta mengi kwenye ini kwa asilimia 45 ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 33 ya Wazungu na asilimia 24 ya Wamarekani weusi. Baadaye ikabainika kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na jeni iitwayo PNPLA3. Pengine sisi tuna nafuu ya kuzaliwa. Lakini ini la Mtanzania lina maadui wengine: homa ya ini ya virusi B, na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Mafuta yakiongezeka juu ya hayo, hakuna hesabu ya Dallas itakayotuambia kitakachotokea.

Dalili za nchini zipo wazi. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 26 ya watu wazima wana uzito uliozidi, na asilimia 9 wana kisukari. Tangu hapo mkoa wako umekua karibu mara mbili: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.1, ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2.

Pita Maili Moja, hapa Kibaha, jioni. Kwenye kikaango cha chipsi mafuta ni yaleyale ya mchana, yameongezewa kidogo tu. Mayai mawili yanapasuliwa juu, soda ya baridi iko pembeni. Anayesubiri sahani ni kijana wa kiwandani, au bodaboda aliyekaa juu ya pikipiki tangu alfajiri. Simlaumu hata kidogo, maana hicho ndicho chakula cha haraka anachokimudu. Nenda sasa Kisarawe, upande wa Maneromango, ambako bado watu wanakwenda shamba kwa miguu, kwenye mihogo na mikorosho. Hizi ni wilaya jirani, chini ya mganga mkuu mmoja, zenye maisha mawili tofauti, na Dar es Salaam inazidi kuisogelea Kisarawe kila mwaka. Tukipima leo tutaona badiliko likitokea. Tukichelewa miaka kumi, tutakuta limeshapita.

Mkoa wako unajua faida ya kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mradi wa TEHIP, wa huduma muhimu za afya, uliziwezesha wilaya za Rufiji, ya mkoani kwako, na Morogoro Vijijini kupanga bajeti kwa kufuata mzigo halisi wa magonjwa. Morogoro waligundua kuwa malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, huku ikipewa asilimia 5 tu ya fedha. Wakapanga upya, na vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Hesabu ile ilianza na watu kutembea nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amekufa na kwa nini.

Gharama isikutishe. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kupima kiuno. Hesabu ya FIB-4, inayoonyesha nani anahofiwa kuwa na makovu kwenye ini, inahitaji umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani. Ultrasaundi wapelekewe wachache watakaochaguliwa kwa nasibu. Pa kuanzia ni kliniki za presha na kisukari za hospitali ya Tumbi, Kibaha, na hospitali ya Kisarawe, kisha vijiji na mitaa, maana wanaokuja kliniki si picha ya wote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa tangu 2023. Mfuko utakaolipia wagonjwa wa sirosisi na saratani ya ini miaka 20 ijayo unahitaji kujua leo watakuwa wangapi. Naomba jibu lako litolewe hadharani, kabla halmashauri za Kibaha na Kisarawe hazijafunga mipango yao ya Julai.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kibaha